Dari Linalonyolewa

Jua lilikuwa limeshagusa vilima Winfrida aliposhuka kwenye bodaboda pale Nyakunguru, mkono mmoja dumu la maziwa mgando, mwingine mfuko wa unga wa wimbi. Shangazi Waisiko ndiye aliyemtuma kutoka Susuni. "Mpelekee dada yako," alisema. "Mimba ya miezi minane haibebwi kwa chai ya rangi."

Kazi nyepesi. Kufikisha, kusalimia, kugeuza.

Nyumba ya shemeji yake Vincent haikuhitaji kuulizia. Bati jekundu, vioo vyeusi, na chumbani, dari la nyota. Habari za dari hilo zilimfikia Winfrida hadi chuoni Mwanza, maana dada yake Philomena alimtumia video: chumba cheusi tii, na juu ya kitanda nukta mia kadhaa za mwanga zikimetameta. Winfrida alijibu kwa mstari mmoja. *Hongera, mmeshusha mbingu. Choo bado cha shimo?*

Getini alikutana na Mogesi, fundi aliyelifunga lile dari. Walisoma naye shule ya msingi. Alikuwa na ngazi begani, mkasi mkononi, na mfuko mweusi wa nailoni ameufunga fundo mara tatu.

"We mura," Winfrida alimtania kwa Kikurya, "kijana, nyota zimeungua?"

"Haziungui, dada."

"Sasa mkasi wa nini?"

Mogesi aliangalia nyuma, kwenye madirisha. "Kunyoa," alisema kwa sauti ya chini.

Winfrida alicheka. Mwenzake hakucheka.

"Sikiliza. Zile ni nyuzi za plastiki. Kuna boksi moja la taa juu ya dari, mwanga unatoka humo, unapita ndani ya uzi kama maji kwenye mrija, unatokea kwenye tundu. Umeme haufiki huku chini. Moto hakuna. Ukishamaliza kuvuta unakata ncha, iwe sawa na ubao wa jipsam wa dari. Basi. Kazi imekwisha." Akaiegemeza ngazi ukutani. "Mimi zangu nilizikata mwezi uliopita. Leo nimezikuta zimening'inia hivi."

Akapima kwa mkono. Kutoka ncha ya kidole hadi kiwiko.

"Plastiki haioti, Mogesi."

"Ndiyo, haioti." Akaufungua mfuko. "Shika."

Winfrida alikuwa mtu wa hoja. Kwenye mdahalo wa chuo alikuwa amewanyamazisha vijana waliovaa tai. Akatumbukiza mkono ili ammalize na huyu.

Kilikuwa cha vuguvugu.

Chenye mafuta. Kilimnata vidoleni kama ngozi ya kichwa isiyooshwa wiki tatu. Alipotoa mkono, nyuzi mbili zilikuja nao. Mmoja ulikuwa mweupe, mgumu, plastiki kweli. Wa pili ulikuwa mweusi, na kwenye ncha yake palikuwa na kale kapunje keupe, laini, kenye unyevu... kale kanakobaki unywele unapong'olewa na shina lake.

Aliupangusa mkono kwenye sketi. Akaupangusa tena.

"Na huu umetoka wapi?"

"Boksi shemeji yako alilifunga mwenyewe," Mogesi alinong'ona. "Mimi alinipa mafungu yameshasokotwa, niyapitishe tu kwenye matundu. Nilidhani ni rangi."

Akakaa kwenye jiwe la getini, karibu na pikipiki yake, kama mtu asiyetaka kubaki wala kuondoka.

*

Mlango ulikuwa wazi. Harufu ilimpokea kabla ya mtu. Harufu ya nywele zilizoshikwa na moto, na chini yake kitu kingine, kitamu na kichachu, kama nyama iliyosahauliwa kwenye sufuria yenye mfuniko. Sebuleni palikuwa na makochi ya dhahabu yasiyotolewa nailoni. Winfrida alivuta kitambaa puani.

"Dada?"

"Huku..."

Chumbani mapazia yalikuwa yamefungwa. Nje bado palikuwa na mwanga wa jioni. Ndani palikuwa usiku. Nyota zilikuwa zinawaka.

Philomena aliegemea mito. Tumbo lilikuwa kubwa, na kilichobaki cha mwili wake kilikuwa kama kimetundikwa pembeni ya hilo tumbo. Kitambaa kilikuwa kimemteleza kichwani. Hakuwa na unywele hata mmoja.

Miezi miwili ilikuwa imepita tangu wamzike mama yao. Winfrida mwenyewe alinyolewa msiba ule, na zake zilikuwa zimeshaanza kushika kitana.

"Bado hazijaota?"

"Hazioti." Dada alijaribu kutabasamu. "Umekuja na maziwa? Hebu."

Alikunywa kwa pupa, vikombe viwili. Halafu akashika koo. Akakohoa. Akaingiza vidole viwili mdomoni, taratibu, kwa mazoea, akaanza kuvuta.

Ulikuja unywele. Ukaja. Ukaendelea kuja, mweusi, umelowa maziwa, mrefu kama mkono, na Philomena akauzungusha kidoleni bila kuuangalia, akauweka kwenye kisosi. Kisosi kilikuwa na nyingine.

"Wa leo mfupi," alisema.

Winfrida alifika dirishani tu. Alitapika juu ya pazia la watu.

Na hapo, akiwa ameinama, machozi yakimtoka kwa kutapika, ndipo alipolielewa jambo ambalo ukoo mzima ulilipigia makofi.

Kwao, siku ya kunyoa baada ya mazishi, shangazi ndiye anayeshika wembe. Ananyoa mmoja mmoja, anakusanya nywele zote kwenye ungo, anazifukia nyuma ya zizi kwa mkono wake. Hakuna anayekanyaga hata unywele mmoja. Lakini kwa msiba wa mama, Vincent alikuja na kinyozi wa mjini, jenereta na mashine mbili. Watu walinyolewa chapuchapu, baba, kaka Nashoni, Philomena, shingo zikapakwa poda. "Huyu ndiye mkwe!" walisema wazee. Shangazi Waisiko alikaa pembeni na wembe wake, hana kazi. Nywele zilifagiliwa, zikaingia kwenye mfuko mweusi.

Hakuna aliyeuliza mfuko ulikwenda wapi. Watu wazima! Watu wanaokataa hata kuacha kucha zao kwa jirani!

Winfrida alikuwa kwenye mitihani. Alifika siku ya tatu, akanyolewa kwa wembe, zake zikafukiwa.

"Unajua," alisema bila kugeuka. "Unajua kilichomo humo juu."

"Naangalia kila siku, mdogo wangu. Nisijue?" Philomena alinyoosha kidole. "Fungu lile la kabatini ni baba. Hilo la katikati ni mimi. Lile la mlangoni ni Nashoni."

Mlangoni palikuwa peusi.

"Mbona haliwaki?"

"Lilizimika Jumanne."

Nashoni alianguka Jumanne, akapelekwa hospitali, na mpaka sasa alikuwa hasemi. Baba alikuwa amekataza dada asiambiwe, kwa ajili ya mimba.

Nyota za katikati zilipepesa... zikafifia. Philomena alifumba macho. Zikawaka. Akavuta pumzi.

Ndipo Winfrida akaona pembeni, juu ya kitanda kidogo cha mtoto kilichotandikwa tayari, matundu. Madogo, nadhifu, yametobolewa kwa duara zuri. Mengi. Yote matupu.

"Na yale?"

Mikono ya dada ilishuka tumboni, ikalikumbatia.

"Amesema nywele za kwanza za mtoto ni za upande wa baba. Siku ya kumtoa nje, atanyoa mwenyewe." Akashusha sauti. "Tangu tuweke dari, maduara yake yote matatu, yale mashimo ya mgodini, yametoa dhahabu, Winnie. Hata lile lililokufa."

"Vaa viatu."

"Siwezi..."

"Dada. Vaa viatu."

"Shemeji," ilisema sauti mlangoni. "Umepotea sana."

Vincent alikuwa amesimama na kandambili zake, shati safi, rimoti mkononi. Mtu wa sura ya kawaida kabisa. Hilo ndilo lililomchefua Winfrida kuliko mapazia na kisosi: kwamba alikuwa na sura ya mtu anayesoma matangazo kanisani.

"Naondoka na dada yangu."

"Sawa."

"Umenyoa watu wenye msiba. Umemfanya mke wako taa! Kuna kitu gani ndani yako, eti? Kuna mtu humo?"

"Unaongea vizuri," alisema Vincent. "Chuo kinasaidia." Akamnyooshea rimoti. "Unataka izimwe? Zima mwenyewe."

Aliichukua. Kidole kilikuwa juu ya kitufe tayari. Akabonyeza.

Giza.

Alisubiri asikie pumzi ya dada yake.

Hakuisikia.

Alisubiri tena. Kwenye giza kulikuwa na sauti moja tu, nyembamba, kutoka juu ya dari... kama kucha zikikuna kichwa.

Akabonyeza. Mwanga ukarudi, na Philomena akavuta hewa kwa kishindo, kama mtu aliyetolewa majini.

"Umeona," alisema Vincent kwa upole. "Nani atalipa umeme kama si mimi? Mpeleke. Mimba inabebwa popote." Akasogea kuwapisha njia. Alifika hadi kulishika geti lisiwapige. "Mogesi! Uendeshe polepole, kuna mashimo."

*

Mogesi aliwabeba wote wawili mpaka Susuni, dada katikati. Njia nzima hakuna aliyesema. Winfrida alikuwa ameung'ang'ania ule mfuko mweusi wa Mogesi kifuani, uvuguvugu wake ukipenya kwenye blauzi.

Shangazi Waisiko hakuuliza mengi. Aliufungua, akanusa, akatema mate. "Mashine," alisema tu. Akachimba mwenyewe nyuma ya zizi, akafukia, akaweka jiwe.

Asubuhi jiwe lilikuwa mahali pake. Walifukua. Mfuko ulikuwemo, na fundo lake. Plastiki zilikuwemo.

Nywele hazikuwemo.

Mtoto alizaliwa wiki ya nne. Wa kike, kilo tatu na ushee, na kichwa kimejaa nywele. Wakunga walimpitisha mkono kwa mkono wakimsifu. "Huyu kaja amesukwa kabisa!" Philomena alicheka, mara ya kwanza. Kichwa chake mwenyewe kilikuwa bado kama kibuyu, lakini alikuwa anakula, anapumua, na vitu havikumtoka tena kooni. Nashoni yuko wodini bado. Madaktari wanasema hawaoni ugonjwa.

Vincent hakuja. Hakutuma wazee, hakudai mke. Anapiga simu tu, kila jioni, kwenye simu ya shangazi. Hasalimii. Anauliza neno moja.

"Ameshanyolewa?"

Shangazi anakata. Nyembe zote za pale nyumbani amezitupa chooni, na mikasi amepeleka kwa jirani wa ng'ambo ya mto. Ameapa kwamba mtoto huyu atakua na nywele zake za tumboni mpaka azeeke, na mtu akisema mila, aende kwake amwambie.

Winfrida hakurudi chuoni. Aliandika barua kwamba kuna mgonjwa. Yeye ndiye anayemwogesha mtoto, maana mikono ya dada hutetemeka, na yeye ndiye aliyeona kwanza, akadhani ni macho yake tu. Wiki ya pili zilifunika masikio. Wiki ya tatu, shingo. Sasa mtoto ana wiki tano na nywele zimefika mgongoni, nyeusi, nzito, zenye mafuta hata baada ya sabuni mara mbili. Wanawake hawaji tena kumsifu. Zinamfunga shingo akigeuka usingizini. Zinamwingia mdomoni akinyonya. Analia kwa joto, na vipele vimemtoka chini ya nywele, vidogo, vyekundu, vyenye usaha, na harufu yake Winfrida anaijua.

Leo jioni shangazi amekwenda kisimani. Simu imeshalia na kukatika. Philomena amekaa mkekani na mtoto mapajani, anamsogezea nywele pembeni ya macho, zinarudi, anasogeza, zinarudi. Kifuani kwa kanga yake kuna kitu kidogo cha chuma amekificha. Winfrida hajui kakipata wapi.

"Winnie," ananong'ona. Macho yake yamejaa machozi. "Hizi za mbele tu... kidogo tu. Angalia zinavyomtesa."

Na mtoto, kama anayeelewa, ameacha kulia. Anasubiri.