Vyumba Ambavyo Nukta Hakuvipima

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nukta alifagia chumba cha kazi cha baba yake. Kwanza aliokota pini kwa sumaku, kisha akakusanya nyuzi na vipande vya vitambaa, kisha akafuta vumbi kwenye cherehani mbili. Baba yake alikuwa fundi cherehani, na msimu ule alikuwa akishona sare za shule tatu kwa mpigo. Nukta, msichana wa darasa la sita aliyepachikwa jina hilo kwa udogo wa umbo lake, aliifanya kazi hiyo bila kukosea na bila kuifikiria.

Ilikuwa miezi minne tangu mama yake azikwe. Siku ya mazishi watu walimwambia, "Lia, mwanangu, kulia ni dawa." Hakulia. Alikuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno, anayejing'ata ulimi asisikie. Alikula akiambiwa ale, akalala akiambiwa alale, na shuleni hesabu zake zilitoka sawa kama zamani. Baba naye alikuwa ameishiwa maneno. Nyumbani kwao zilizozungumza zilikuwa cherehani.

Nyumba ile ilikuwa ya kupanga, na mwenye nyumba alikuwa anaitaka. Tena bibi, mama mzazi wa marehemu, aliyetumia kiti cha magurudumu, hakuwa na wa kumtunza. Ilibidi aje kukaa nao. Basi baba akaamua kununua fleti kwa akiba yote aliyokuwa nayo. Jumatano alimkabidhi Nukta futi ya chuma, ile ya kujikunja.

"Mimi sare zimenibana," alisema. "Nenda na shangazi yako mkaione fleti. Pima kila chumba, urefu na upana, uniandikie."

Shangazi, dada yake baba, alikuwa mwanamke ambaye akinyamaza watu humuuliza kama anaumwa. Walipofika, dalali aliwapokea mlangoni, viatu vinang'aa, karatasi mkononi.

"Karibuni! Fleti ya chini kabisa, haina kupanda ngazi. Mita za mraba sabini na mbili! Humu mnaweza kucheza mpira."

"Mpira tucheze na nani, na goti langu hili?" shangazi alijibu, na wakaanza kubishana juu ya maji, taka na majirani.

Nukta aliingia chumba cha kwanza peke yake. Kilikuwa kitupu, nyayo zake zilitoa mwangwi. Aliweka ncha ya futi ukutani na kuanza kurudi nyuma, lakini hapakuwa na mtu wa kuishika. Ncha iliteleza, futi ikajikunja kwa kishindo. Alijaribu tena, ikajikunja tena. Zamani, walipopima mapazia, mama ndiye aliyeshika upande wa pili.

Aliketi sakafuni. Hakusikia huzuni, hakusikia hasira, hakusikia kitu. Alikaa tu, kama mzigo ulioshushwa. Kisha akafungua daftari na kufanya jambo lililokuwa rahisi zaidi. Alichukua zile mita sabini na mbili akazigawa: sebule ishirini na sita, chumba kimoja kumi na tano, cha pili kumi na nne, jiko tisa, bafu nane. Hesabu ilitoka bila mabaki, kisha akabuni urefu na upana wa kila chumba.

"Umemaliza?" shangazi aliuliza.

"Nimemaliza."

Jioni ile baba aliposoma daftari, alichukua karatasi ya kaki anayochorea mitindo, akakata vipande: hiki kitanda cha bibi, hii meza ya kukatia, hizi cherehani. Akavipanga mezani juu ya mchoro wa vyumba aliouchora kwa vipimo vile, akivisogeza huku na huku. Vyote vilienea. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, alitabasamu. Nukta alimtazama kama mtu anayetazama mvua kupitia dirisha lililofungwa.

Ijumaa baba alimpigia bibi simu. "Mama, kesho napeleka arubuni. Chumba chako ni kikubwa, utageuza kiti upendavyo."

Sauti ya bibi ilisikika mpaka mlangoni. "Alhamdulillahi! Mwanangu, hapa nilipo nikiingia chumbani natoka kinyumenyume, pa kugeuza hapana!"

Nukta alikuwa amesimama na ufagio. Kitu kidogo kilimchoma mahali fulani kifuani, kama pini iliyosahaulika ndani ya nguo. Alisubiri baba akate simu.

"Baba, sikupima."

"Hukupima nini?"

"Vyumba. Sikupima hata kimoja. Niligawa tu namba ya kwenye karatasi ya dalali."

Nukta alingoja kofi au kelele, na hata katika kungoja huko hakuogopa. Baba aliokota vile vipande vya karatasi kimoja kimoja, akavitia mfukoni.

"Kesho asubuhi," alisema, "kabla ya arubuni, tunakwenda wote."

Jumamosi dalali alipoona futi, alicheka. "Mzee, huniamini?"

"Nakuamini," baba alisema. "Shika huko, Nukta."

Nukta akashika ncha, baba akarudi nyuma mpaka ukuta wa pili. Futi ilikaza katikati yao. Baba alisoma, Nukta akaandika. Sebule: mita nne na nusu kwa nne, yaani kumi na nane, si ishirini na sita. Chumba cha kwanza kumi nukta nane. Chumba cha bibi nane nukta nne. Jiko sita. Bafu tatu nukta mbili. Korido, ambayo Nukta hata hakuikumbuka, nne nukta nne. Alijumlisha mara mbili.

"Hamsini nukta nane," alisema.

"Na nyingine zimekwenda wapi?" shangazi aliruka. "Zimeyeyuka?"

Dalali alikohoa. "Hazijapotea, mama. Sabini na mbili ni pamoja na unene wa kuta, na roshani ile ya nje, na sehemu yenu ya ngazi na korido za jengo. Wengi huhesabu hivyo. Hamkuuliza."

"Ngazi?" alisema baba. "Si uliwaambia humu hamna kupanda ngazi?"



Baba alipima na mlango wa bafu. Ulikuwa na upana wa sentimita sitini na tano. Kiti cha bibi kilikuwa na sentimita sitini na nane. Baba alifunga futi.

"Hapa hapatufai."

"Nusura tuuziwe mbuzi kwenye gunia!" shangazi alisema.

Dalali, kwa aibu au kwa kuogopa kukosa mteja, alikumbuka fleti nyingine, nayo ya chini, mtaa wa pili, jengo la zamani, rangi imebabuka. "Sikuwaonyesha kwa sababu ni ndogo. Hamsini na tisa tu."

"Hamsini na tisa za nini?" Nukta aliuliza. Wote wakamgeukia, tangu asubuhi hakuwa amesema ila namba.

Dalali alisoma karatasi yake upya. "Sakafu ya ndani tu, naona. Ukuta hadi ukuta."

Walipima. Ilikuwa hamsini na tisa kweli, pungufu kidogo tu, na mlango wa bafu ulikuwa na sentimita themanini. Baba alitoa vile vipande, akavikagua upya kwa vipimo vya kweli. Meza ilibidi igeuzwe, lakini vyote vilienea. Jumatatu iliyofuata arubuni ilikwenda huko.

Lakini Jumamosi hiyo, wakiwa wawili njiani kurudi nyumbani, Nukta alisema, "Baba, utaniadhibu?"

"Ningekuadhibu kama ningeyajua baada ya kulipa. Umesema mwenyewe, tena mapema." Baba alitembea hatua kadhaa. "Mteja akiniambia kiuno chake ni themanini, sikati kitambaa. Nazungusha tepu kiunoni. Huenda hadanganyi, ila alipimwa mwaka juzi, au juu ya koti. Namba yoyote, uliza kwanza imepima nini."

"Ndiyo, baba."

"Na kazi ikikushinda, sema imekushinda. Usiniletee namba nzuri."

Nukta akasema, "Hapakuwa na wa kushika upande wa pili."

Baba alisimama. Watu walipita kushoto na kulia kwao. "Lilikuwa kosa langu hilo. Kazi ile ni ya watu wawili, nikakutuma peke yako."

"Mimi sisikii kitu, baba. Hata kulia siwezi."

"Hata mimi bado." Akamshika mkono, wakavuka barabara. "Hiyo pia usiifiche, mwanangu. Ukinipa kipimo cha kweli, kiwe kidogo namna gani, tutajua pa kuanzia."