Maji Yaliyogoma Kufika Mia

Kila wiki, siku ya somo la sayansi kwenye runinga, kidato cha pili walikuwa wanagombania viti vya mbele maabarani. Redio hakukosa. Jina hilo hakulipata bure. Msichana yule alikuwa haishiwi maneno. Na wiki ile ndiyo kabisa! Watu wa kipindi walikuwa wanakuja kurekodi shuleni, na kundi litakalofanya jaribio vizuri ndilo litakalolirudia mbele ya kamera. Redio alishatangazia mtaa mzima, mpaka fundi viatu: "Mtaniona!"

Kwenye runinga, mama mtangazaji alichemsha maji. Kipimajoto kikapanda, kikasimama kwenye nyuzi mia. Mwalimu akazima. "Haya, zamu yenu."

Redio na mwenzake, Profesa, wakawasha jiko la spiriti. Maji yakaanza kutokota. Redio akainama.

"Tisini na tano."

"Ngoja kidogo."

Wakangoja. Maji yanaruka kwelikweli, lakini kipimajoto kimegoma. Redio akaazima kingine. Palepale!

"Sema mia tu," Profesa akanong'ona. "Runinga imesema mia, we nani ubishane nayo?"

"Lakini mimi naona tisini na tano, kaka."

"Basi baki na macho yako. Kamera utaisikia kwa wenzako."

Mama yake Redio alishaomba ruhusa kazini ili amtazame. Atamwambia nini?

Mwalimu akapita meza kwa meza akiuliza. Mia. Mia. Mia kamili, mwalimu.

"Redio, nyie je?"

"Tisini na tano. Nimepima mara mbili."

Darasa zima kicheko. "Maji yake mavivu!" jamaa mmoja wa nyuma akapaza sauti. Profesa akageukia dirishani, kama vile hamjui.

Mwalimu hakucheka. Alichemsha maji mengine, akamwita yule wa nyuma. "Njoo usome wewe."

"Tisi... tisini na tano."

Wenzake wakainuka kuchungulia.

"Runinga haikudanganya," mwalimu akasema. "Yule mama alipima kule chini, usawa wa bahari. Sisi tuko juu milimani. Huku hewa inayoyakandamiza maji ni kidogo, ndiyo maana yanachemka mapema. Nilijua hakuna atakayefika mia."

"Hata mimi niliona tisini na tano," Profesa akasema kwa sauti ndogo.

"Wote mliona, mwanangu. Aliyesema ni mmoja. Runinga inatuletea vifaa ambavyo hatuna, na tunashukuru. Lakini sayansi ni kusema ulichopima, hata kama darasa zima linakucheka. Redio, kamera ni yako. Chagua mwenzako."

Redio akamtazama Profesa, aliyekuwa anachunguza viatu vyake.

"Nakwenda na huyu huyu," akasema. "Ila kipimajoto nasoma mimi."