Mwalimu Aliyeita Majina kwenye Laptopu ya Laras

Sogeeni huku, wajukuu, kaeni karibu na magoti yangu. Wewe wa mlangoni, acha kutafuna. Nataka kimya cha kumsikia mjusi ukutani, maana hadithi hii ina mtu anayeita majina, na sitaki mtu humu ndani aitike kwa bahati mbaya.

Ilianza na vumbi la chaki.

Ningrum, fundi wa kompyuta wa mtaa wetu hapa mjini Kediri, alilikuta juu ya vitufe vya laptopu ya binti yake. Akalipuliza. Kesho yake likarudi. Nyumba ile haikuwa na chaki hata kipande. Ilikuwa na chumba cha mbele anachofanyia kazi, meza moja, bisibisi zake, na kifutio cha shule cha kusugulia meno ya vifaa, pale vinapochomekwa, yakishika kutu. Mumewe alikuwa amekufa zamani. Alichobakiwa nacho duniani ni Laras, yuko mwaka wa mwisho chuoni, anaandika tasnifu yake usiku na mchana.

"Mama, imezima tena."

"Saa ngapi?"

"Saa ile ile, anga likiwa la manjano. Kioo kinakuwa buluu, maandishi meupe, halafu giza."

"Joto hilo," Ningrum akasema, akabadilisha feni. Siku ya pili akabadilisha diski. Siku ya tatu chaja. Siku ya nne akafungua kila parafujo akapaka dawa ya kupoza. Laptopu ikawa inazima vilevile.

Laras akacheka. "Wateja wako unawaambia ugonjwa kabla hawajakaa kitini. Mimi mwanao unanitibu kwa kubahatisha?"

"Kula tempe yako ya soya, unyamaze."

Lakini hakuwa anabahatisha, wajukuu. Ugonjwa aliujua tangu siku ya kwanza. Alikuwa anagusa kila kitu isipokuwa kile kimoja.

Wiki tatu nyuma, mama mmoja wa mtaa, Bu Painem, alikuja na laptopu ya marehemu binti yake, mwalimu Sekarwati, aliyekufa kwa homa ya mbu. Maua ya msiba yalikuwa hayajakauka kaburini. Bu Painem aliikumbatia ile laptopu kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

"Alijirekodi humu," akasema. "Alikuwa anajifunza majina ya darasa jipya, watoto ishirini na tisa. Anaita jina, ananyamaza kidogo, anaita lingine. Arobaini yake nataka watoto waje waitike. Wamuage, aende zake salama."

Ningrum akaiwasha. Nzima kabisa! Ila ilikuwa na kibao cha kumbukumbu cha aina ya zamani, chembamba, urefu wa kidole, na aina hiyo haikupatikana tena madukani. Ndicho kibao ambacho kompyuta hushikia kazi yake wakati imewashwa. Kikiharibika, inaanguka katikati ya sentensi. Na cha Laras kilikuwa kimeharibika wiki ile ile.

Akavibadilisha. Kizima akampa mwanawe, kibovu akakitia kwa marehemu. Bu Painem aliporudi, Ningrum alimwambia bila kumtazama usoni: "Pole, Bu. Imekufa. Na vilivyomo vimekufa nayo."

Bu Painem akauliza mara moja tu. "Vyote?"

"Vyote."

Ndiyo maana Ningrum alikuwa anabadilisha feni na chaja.

Siku ya tano jua lilipoanza kushuka, manjano yale yanayofanya akina mama waite watoto wao ndani kwa kuogopa mashetani, Ningrum alisikia sauti ya mwanamke chumbani kwa Laras. Sauti ya upole, haina haraka.

"Bagaskara."

Kimya kidogo.

"Wening."

Laptopu ikazima. Ningrum akaingia mbio. Laras alikuwa amekaa wima, macho wazi, kidevu kimejaa chaki.

"Ulikuwa unasikiliza nini?"

"Mimi? Sikusikiliza kitu, Mama." Akajikuna shingo. "Mbona baridi hivi?"

Kesho yake majina yalikuwa sita. Kesho kutwa, kumi na moja. Kila jioni laptopu ilichelewa kuanguka, na kila jioni Laras alichelewa kurudiwa na fahamu, mikono yake ya baridi, na harufu ya yasmini za jeneza imetanda hadi jikoni.

Ningrum akaenda kwa Mbah Sarpan, mzee aombeaye maiti na kutoa mashetani. Akamweleza chaki, majina, baridi. Mzee alivuta sigara yake ya karafuu mpaka ikaisha.

"Umenipa nusu."

"Nimekwambia yote, Mbah."

"Mimi nafukuza kilichoingia. Hiki hakikuingia, binti yangu. Wewe ndiye uliyekibeba ukakiweka ndani." Akaokota kandambili zake. "Sitakuja. Nikija, nitakuwa namfukuza mwenye haki."

Ningrum akarudi nyumbani. Siku iliyofuata mchana, kwa mara ya kwanza, akafanya alichopaswa kufanya. Akawasha jaribio la kumbukumbu kwenye laptopu ya Laras. Mistari myekundu ya makosa ikashuka kama mvua. Akakichomoa kibao, akasugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio, akakipima kwenye mashine nyingine: safi, hakuna kosa hata moja. Akakirudisha kwa Laras: nyekundu tupu. Akarudia mara tatu, na mara tatu jibu likawa lile lile, kibao kizima kila mahali isipokuwa kwa mwanawe.

Akakichomoa tena, akakishika kiganjani. Na kila fundi anajua, wajukuu, kwamba kibao kile kikishatoka hakishiki kitu, hakina umeme, hakina neno, ni kama bilauri iliyomwagwa maji; lakini anga lilikuwa limeanza kuwa la manjano dirishani, na kile kibao kikaanza kupata baridi mkononi mwake, baridi ya ngozi iliyooshwa kwa mara ya mwisho, na kutoka ndani ya ngumi yake aliyoifumba, aliyoibana kifuani, aliyoizungushia kanga aliyovaa asisikie, sauti ikaita jina la ishirini na saba, ikanyamaza, ikaita la ishirini na nane, ikanyamaza, na kule chumbani mwanawe Laras, ambaye hakuwa na laptopu mbele yake wala simu, akajibu taratibu kama mtoto wa darasa la tatu:

"Nipo, mwalimu."

Ningrum hakulala. Kesho yake ilikuwa arobaini.

Alifika kwa Bu Painem alasiri, amemshika Laras mkono. Wali wa manjano ulikuwa umepangwa, wanafunzi wamekaa mkekani na sare zao, Mbah Sarpan yuko pembeni. Ningrum akapiga magoti mbele ya watu wote, akaweka kibao juu ya jani la ndizi.

"Haikufa, Bu. Niliiba hiki. Nikakudanganya."



Bu Painem alikitazama kile kitu kidogo. "Juzi niliamka," akasema, "nikajaribu kukumbuka anavyosema 'Mama'. Sikuweza. Nikafikiri labda nilikuwa simpendi vya kutosha." Akamtazama Ningrum. "Na wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua, Bu."

"Kirudishe."

Ningrum akaifungua laptopu ya marehemu kwa bisibisi. Akatoa kibovu, akatia kizima. Laptopu ikawaka bila kinyongo, na sauti ya Sekarwati ikajaa ukumbi. Bu Painem akafunika mdomo.

"Bagaskara."

"Nipo, mwalimu!"

"Wening."

"Nipo, mwalimu!" Na mtoto mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Usilie, bwege, atakuandika," huku yeye mwenyewe analia.

Ishirini na tisa wakaitika. Hapo ndipo rekodi ilipaswa kwisha. Nje anga lilikuwa la manjano. Harufu ya chaki ikapanda mkekani.

"Laras."

Bu Painem akageuka. "Darasani kwake hakukuwa na Laras."

Laras akafumbua mdomo. Ningrum akamrukia, akamziba kwa kiganja, akapaza sauti yake nzito ya mtu mzima:

"Nipo, mwalimu. Niandike mimi."

Kimya kile cha kungoja kikawa kirefu. Halafu laptopu ikajizima yenyewe, polepole.

Basi Bu Painem alirithi sauti ya mwanawe, nakala kwenye simu. Shule ilirithi laptopu. Laras alirithi chumba cha mbele, bisibisi na kifutio, na mpaka leo hagusi kifaa cha marehemu bila jamaa wa marehemu kukaa karibu. Kibao kibovu kilizikwa na Mbah Sarpan, hakusema wapi.

Na Ningrum alirithi namba ya thelathini. Rekodi ilipofunguliwa tena shuleni, jina lililofuata la ishirini na tisa lilikuwa lake, si la Laras, kisha kile kimya. Miaka kumi na moja aliitika kila jioni ya manjano, sokoni, jikoni, popote sauti ile ilipomkuta, na watu wakazoea.

Alipokufa, rekodi haikubadilika ila mahali pamoja. Baada ya jina lake, pale palipokuwa na kimya, sasa kuna anayeitika kwa sauti nzito ya mtu mzima.