Sanduku la Kura za Bondeni

Saa nne asubuhi.

Stoo ya nyuma ya gereji ilikuwa imefungwa kwa ndani. Watu wanne, tairi kuukuu, harufu ya oili. Msomi alichuchumaa akichora kwa chaki sakafuni, na Mjomba akamtazama kwa jicho ambalo Komeo hakuwahi kutazamwa nalo hata siku moja.

Komeo alikuwa fundi wa kufuli. Mjomba, kaka wa marehemu mama yake, ndiye aliyemlea na kumwingiza kwenye kazi hii. Miaka yote Komeo alikuwa mkono wake wa kulia. Kisha akaja Msomi, karani aliyefukuzwa ofisi ya mipango ya mji, mwenye maneno laini na viatu visivyojua vumbi. Mara anakula sahani moja na Mjomba. Mara amemposa binti yake.

Msomi alieleza kwamba mji hauwezi kujenga kila kitu kwa mpigo. Majengo makubwa yanapangwa foleni: la mbele linapewa fungu la mwaka huu, linalofuata linasubiri mkopo, na mkopo wenyewe huja ukijisikia. Safari hii madiwani wamewaachia wakazi wachague kwa kura, hospitali au uwanja wa mpira. Watu wa bondeni, wanaobeba wagonjwa wao kwa mikokoteni, karibu wote wameitaka hospitali. Sanduku lao likipotea, uwanja unapita, na tajiri aliyenunua ardhi kuuzunguka atawalipa wao wanne pesa ya kuwatoa kwenye shida.

"Mlinzi wa chumba cha masanduku, pale manispaa, anakwenda kula saa saba," alisema Msomi. "Mlango mmoja, kufuli mbili. Hapo ndipo tunamhitaji fundi."

Fundi. Hata jina hakumpa.

"Mtaingia wawili," Mjomba alimwambia Komeo. "Wewe fungua. Ukishafungua, msikilize yeye."

"Nimsikilize?"

"Umesikia."

Breki, dereva wao, alichekea puani. Komeo alianza kukusanya vifaa vyake.

Saa saba.

Mlinzi alitoka akijipapasa tumbo. Korido ya ukumbi wa manispaa ilikuwa tupu. Kufuli ya kwanza ililegea kabla Komeo hajavuta pumzi. Ya pili ilileta ubishi kidogo, ikakubali.

Ndani, Msomi alilipata sanduku haraka. Akalikumbatia, akatabasamu.

"Una mikono ya dhahabu, kaka. Nimeongea na mzee. Tukitoka hapa tufungue duka la kufuli, mimi na wewe. Tuachane na haya mambo."

Mwingine angefurahi. Komeo alisikia kitu kimoja tu: siku hizi wanapanga maisha yake bila yeye.

"Ngoja nichungulie kwanza," alisema.

Akatoka. Akavuta mlango taratibu. Akabana kufuli zote mbili, akaondoka kwa mwendo wa mtu aliyekuja kuulizia leseni.

Garini alisema mlinzi amerudi ghafla, Msomi kakamatwa, waondoke. Breki akawasha. Mjomba akamshika bega.

"Zima." Kisha akamgeukia mpwa wake. "Mtu anakamatwa bila kelele?"

Komeo alitazama pembeni. Mjomba alimwelewa, na hakumtukana. Alinyoosha kiganja tu.

"Nipe vifaa."

"Mjomba, tuondoke. Yule si damu yetu."

"Na wewe ningekufuata vilevile."

Akashuka na goti lake bovu, akavuka barabara bila kuangalia nyuma. Komeo alitaka kumfuata. Alishika kitasa cha mlango, akakiachia.

Mlinzi hakuwa mtu wa kula polepole. Alirudi akifuatana na askari wawili waliokuja kusimamia hesabu ya kura, wakamkuta Mjomba amepiga goti mbele ya mlango, kufuli moja iko wazi mkononi mwake.

Mjomba na Msomi walitolewa nje kwa mlango mkubwa, mbele ya wakazi waliokuja kusikia matokeo. Nyuma yao sanduku la bondeni lilipelekwa mezani, zima. Kwa Komeo, hospitali ilikuwa imepata mtetezi ambaye hakuwa na habari nayo.

Pingu zilipungua. Askari waliwafunga kwa pingu moja, mkono wa Mjomba na mkono wa Msomi. Msomi alikuwa akitetemeka. Mjomba alimwinamia akamwambia neno sikioni, na kijana akatulia.

Breki aliondoa gari. Komeo aligeuka kwenye kiti akawatazama mpaka kona ikawameza. Na hata hapo, Mungu amsamehe, alimwonea Msomi wivu.