Alama Nane Nyekundu

Marisela Treviño alikuwa na miaka kumi na miwili, na baada ya shule hakuwa na desturi ya kwenda nyumbani moja kwa moja. Alipita kwanza kwa muuza mahindi wa mtaa wa San Bernardo, akanunua kikombe cha mahindi ya kuchemsha yaliyotiwa ndimu na pilipili, kisha akaingia ofisini kwa mama yake kwa mlango wa nyuma. Mlango wa mbele ulikuwa wa wateja, na bibi yake hakutaka kuona alama za pilipili kwenye kitasa.

Mama yake, Ofelia, alikuwa wakili wa mambo ya forodha. Laredo ni mji wa mpakani, malori hupanga foleni darajani tangu alfajiri kuingiza mizigo kutoka Mexico, kwa hiyo kazi yake haikukosa wateja. Lakini siku hizo kazi ilikuwa imegeuka kizungumkuti. Serikali ilitangaza ushuru mpya Jumatatu, ikaurekebisha Alhamisi, na wateja walishinda wakipiga simu kuuliza mizigo yao imeangukia kwenye ushuru upi. Zamani Ofelia alikuwa na mawakili wasaidizi wawili wa kumwandikia barua. Sasa walikuwa wameondoka, na mahali pao palikuwa na programu ya akili mnemba, ambayo kwa dakika tatu iliandika barua ambayo wale wawili wangeiandika kwa siku tatu na birika nne za kahawa.

Aliyebaki palepale ni Bibi Chayo. Bibi huyo, mama yake Ofelia, alikuwa amefanya kazi ya ukarani kwa mawakili kwa miaka arobaini, na hakuna barua iliyotoka pale bila kupita chini ya penseli yake nyekundu. Wakili anapoiandikia forodha hutaja maamuzi ya zamani ya forodha yenyewe, kila moja kwa namba yake, kana kwamba anasema: mlimwamulia yule hivi, basi na huyu mwamulieni vivyo hivyo. Bibi Chayo alifungua kila uamuzi kwenye daftari la forodha mtandaoni, akausoma hadi nukta ya mwisho, ndipo akaweka alama nyekundu kando ya namba na herufi za jina lake.

"Hiyo alama ni kiapo," alizoea kusema. "Ukiiweka, umesema: nimeona kwa macho yangu."

Wiki ile macho yenyewe yalimsaliti. Jumanne alipasuliwa mtoto wa jicho, na Alhamisi alikuwa ameketi kwenye kiti chake jicho moja likiwa chini ya bandeji na jingine likitoa machozi tu. Na barua ya mteja wao, Don Eleuterio, ilitakiwa kufika forodha kesho yake, Ijumaa, kabla ya saa kumi na moja jioni.

Don Eleuterio aliingiza vinu vya mawe, vile vyenye miguu mitatu ambavyo kila jiko la Laredo linavyo kwa kusagia pilipili na nyanya. Vilichongwa kwa mkono na ndugu zake katika kijiji cha Piedra Honda. Forodha ilikuwa imesema vinu hivyo ni mapambo, na mapambo ya mawe yalikuwa yameingia kwenye ushuru mpya. Ofelia alitaka kuthibitisha kwamba ni vyombo vya jikoni. Asipofaulu, Don Eleuterio angeacha kuvileta, na wachongaji wa Piedra Honda wangeweka chini patasi zao.

"Marisela ana macho mazuri," alisema Bibi. "Atanisomea, mimi nitasikiliza."

Marisela alifurahi mpaka akaacha mahindi yake. Maamuzi yalikuwa kumi na manne. Alifungua wa kwanza, akamsomea Bibi wote, neno kwa neno, hata yale maneno ya kisheria yaliyoukwaruza ulimi wake. Bibi akaitikia kwa kichwa, Marisela akaweka alama. Walifika wa sita, na saa ikafika kumi na nusu. Ofelia alikuja kumchukua Bibi kumpeleka nyumbani kwa ajili ya dawa ya jicho.

"Malizia yaliyobaki, mama," Bibi alimwambia Marisela akipapasa kitasa. "Moja moja. Usiruke hata mstari."

"Sawa, Bibi."

Hawajafika hata kona, simu ya Marisela ikalia. Ni binamu yake Dalia, ambaye Jumamosi ya wiki iliyofuata angefanyiwa sherehe kubwa ya kutimiza miaka kumi na mitano. Marisela alikuwa mmoja wa wasichana wa kumsindikiza kwa dansi.

"Wewe uko wapi?" Dalia alifoka. "Mazoezi yanaanza saa kumi na moja! Au unataka mwenzako acheze na kiti?"

"Nina kazi ya Mama. Yamebaki manane."

"Manane ya nini? Kompyuta si inajua kila kitu? Iulize, uje!"

Marisela aliitazama saa, akaitazama ile orodha. Kisha akaandika kwenye programu iliyoandika barua: *Je, maamuzi haya manane ni ya kweli?* Jibu lilikuja kabla hajaondoa kidole.

*Ndiyo. Yote manane ni ya kweli na yanaunga mkono hoja yako.*

Alishika penseli nyekundu. Akaweka alama nane, nzuri kabisa, zilizonyooka kuliko za Bibi, na kando ya kila moja akaandika herufi za jina lake. Akakimbilia mazoezini. Alicheza vibaya siku hiyo, akamkanyaga kijana wa watu mara mbili, naye hakujua kwa nini miguu ilikuwa mizito.

Kesho yake alipofika ofisini alimkuta Don Eleuterio ameketi kando ya Bibi, kofia magotini, amevaa shati lake la kanisani. Mezani kulikuwa na kinu kipya cheusi.

"Huyu ndiye wakili mwenyewe?" Don Eleuterio alicheka. "Bibi yako ameniambia barua yangu imepita machoni mwako. Nimewaambia ndugu zangu Piedra Honda: tulieni, barua imesomwa na mtoto wa nyumba hii. Hiki kinu ni chako na Bibi yako."

"Asante, Don Eleuterio," alisema Marisela. Laiti mzee angemgombeza. Wema ule ulimchoma kuliko fimbo.

"Kitaponywa jicho langu likifunguliwa," alisema Bibi Chayo, akikipapasa kinu kwa vidole. "Kinu kipya hakitumiki hivihivi, huponywa mchanga kwanza."

Marisela alijisogeza kwenye kompyuta ya pembeni na kufungua uamuzi wa saba. Ulikuwapo. Wa nane ulikuwapo. Aliendelea mpaka wa kumi na moja, na moyo ukaanza kutulia. Akaandika namba ya kumi na mbili, ule ambao barua iliutaja kwa maneno mengi kuliko yote, eti forodha iliwahi kuamua kwamba vinu vya mawe ni vyombo vya jikoni. Ukurasa ukafunguka. Ulihusu makoti ya mvua ya mbwa.

Alirudia namba tarakimu kwa tarakimu. Mbwa walewale, makoti yaleyale. Akatafuta kwa jina la kinu, kwa mwaka, kwa mji. Uamuzi ule haukuwapo popote duniani. Programu ilikuwa imeutunga, kisha ilipoulizwa ikajitolea ushahidi yenyewe.

Saa ilikuwa kumi kamili. Chumbani kwake, Ofelia alikuwa anaiweka barua tayari kuituma. Marisela alijua angeweza kunyamaza. Pengine hakuna ambaye angegundua. Lakini pia alijua kwamba karani wa forodha angefungua namba ile kama yeye alivyoifungua. Angewakuta mbwa, na jina lililoandikwa chini ya barua lingekuwa la mama yake. Mwaka uliopita wakili mmoja wa mji mwingine aliadhibiwa na jaji kwa kosa la namna hiyohiyo. Ofelia alikuwa amelisimulia jambo hilo mezani, na siku ile hakumaliza chakula chake.

"Mama, usitume!"

Ofelia alitokeza mlangoni. Don Eleuterio aliinua uso.

"Sikuyasoma," alisema Marisela, na machozi yakamtoka mbele ya mgeni. "Sita nilisoma na Bibi. Manane niliiuliza mashine, ikasema ni ya kweli, nikaweka alama nikaenda kucheza. Wa kumi na mbili haupo, Mama. Ni makoti ya mbwa."

Ofelia alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

"Uliiuliza mashine kama mashine inasema kweli," alisema taratibu.

"Ndiyo, Mama."

"Ni kama kumuuliza paka nani amekula samaki," alisema Bibi Chayo kutoka kitini kwake. "Haya, kilio baadaye. Ofelia, tuna muda gani?"

"Haufiki saa nzima. Lakini bila huo uamuzi barua haina mguu, Mama. Mengine yote yanasema karibu na jambo, hayalisemi lenyewe."

Bibi Chayo alifumba na lile jicho lililokuwa wazi. Vidole vyake vilikuwa bado juu ya kinu. "Mawe ya kusagia," alisema. "Siyo vinu, ni yale ya bapa ya kusagia mahindi. Mteja alikuwa mama mmoja wa mji wa Zapata, mwenye domo, hakuwa akilipa ila kwa tamale, ile mikate ya unga wa mahindi. Ile barua niliichapa mimi, mwaka aliozaliwa mdogo wako, Ofelia. Na forodha ilimjibu. Marisela, acha kutafuta kinu. Tafuta jiwe la kusagia."

Marisela alitafuta kwa mwaka, kisha kwa neno. Kurasa zilikuwa picha za karatasi za zamani, baadhi zimepigwa upande, ndiyo maana programu haikuziona. Alisoma kichwa baada ya kichwa huku mama yake akifungua upya uamuzi wa kumi na tatu na wa kumi na nne. Saa kumi na dakika ishirini na tano alipiga ukelele.

"Nisomee," alisema Bibi.

Alisoma uamuzi wote, hadi nukta ya mwisho. Forodha ilikuwa imeandika wazi: jiwe lililochongwa kwa ajili ya kusagia chakula ni chombo cha jikoni, hata kama ni zuri kulitazama. Don Eleuterio alishika kofia yake kwa mikono miwili. Ofelia aliandika aya ile upya kwa mkono wake mwenyewe, na barua ikaondoka saa kumi na dakika hamsini na mbili.

Mgeni alipoondoka, Ofelia alimkalisha bintiye karibu naye.

"Nimekasirika," alisema, "na hasira yangu haijaisha. Ila ulisema kabla haijatoka, na mbele ya mgeni. Watu wazima wengi hawawezi. Nisikilize, mwanangu. Zamani kazi yetu kubwa ilikuwa kuandika. Sasa mashine inaandika, na sheria zinabadilika kabla wino haujakauka. Kilichobaki kwetu ni kuhakikisha. Mashine ikikosea haina jina la kuharibika. Sisi tunalo. Jumatatu utakuja tena, na utaanza na uamuzi wa kwanza."

Wiki tatu baadaye jibu la forodha lilifika: vinu vya Piedra Honda vilikuwa vyombo vya jikoni, viingie. Don Eleuterio alipiga simu akicheka na kulia kwa pamoja. Siku hiyohiyo Bibi Chayo, bandeji ikiwa imeshatoka, alimwita Marisela jikoni na kumpa kinu kipya, bakuli la mchele na chumvi.

"Kinu kipya kinasaga vizuri sana," alisema, "na kinakulisha mchanga. Ndiyo maana tunakiponya. Saga, mwaga, saga tena, mpaka unga utoke mweupe. Leo utasaga mara nane."

Marisela alielewa kwa nini nane. Mara ya kwanza unga ulitoka wa kijivu kama majivu. Mara ya nne mikono iliuma. Mara ya saba alijipangusa jasho.

"Tayari, Bibi. Mweupe."

"Umeangalia, au unadhani?"

Marisela alifungua mdomo, akaufunga. Akainama hadi pua ikakaribia kugusa unga, akaugeuza kwa kidole polepole, dirishani penye mwanga. Pembeni, padogo kabisa, palikuwa na punje moja nyeusi.

"Bado, Bibi," alisema, akachukua mchele mwingine.

Bibi Chayo alimtazama mjukuu wake kwa macho yote mawili, akacheka, akaenda kutafuta nyanya.