Safari ya Gede

Kila jioni Nasike na Nduta walikutana kwenye mfereji wa mtaa wa Makongeni, wakapiga gumzo mpaka ndoo zikafurika. Walisoma darasa moja na nyumba zao zilitazamana. Lakini tangu likizo ya Agosti ianze kunukia, aliyezungumza alikuwa Nduta peke yake.

"Gede ni mji wa mawe uliohamwa zamani sana," Nduta alisema. "Kuna msikiti, jumba la mfalme na visima, vyote katikati ya msitu. Baba amepewa pasi ya gari la moshi, sote hadi Mombasa, kisha tupande basi hadi Gede. Mama atatupikia chapati za njiani."

Baba Nduta alikuwa fundi wa reli. Baba yake Nasike alikuwa kibarua Viwandani, na kibarua hapewi pasi ya kwenda popote. Nasike alimpenda Nduta, msidhani vingine. Lakini kila aliposikia neno Gede roho ilimuuma, akatamani pasi hiyo ipotee.

Jumamosi moja nyanya yake Nduta, ambaye watoto walimwita Cucu, yaani nyanya kwa Kikuyu, aliwasili kutoka Murang'a na kiondo cha viazi vitamu. Nduta na wazazi wake walikuwa wametoka, basi Nasike akamkaribisha kivulini.

"Watakuja lini tuvune mahindi?" nyanya aliuliza.

Hapo ndipo kijicho kilipompanda. "Likizo hii hawaji, Cucu. Wanakwenda kutazama kuta za zamani."

Hilo lilikuwa kweli. Laiti angenyamaza hapo! Lakini aliongeza, "Mama Nduta anasema amechoka na matope ya kwako."

Ulimi haukuteleza, aliusukuma mwenyewe. Nyanya aliacha kiondo mlangoni, akarudi zake bila hata kunywa maji.

Haukupita muda mrefu, baba mdogo wa Nduta akaleta ujumbe: mkwe aliyechoka na matope asikanyage tena shamba la nyanya. Baba Nduta akawaka. Mama Nduta aliapa kwamba hakutamka maneno hayo, lakini hakuaminiwa. Wakaacha kusemezana, na safari ikafutwa.

"Mama analia kila siku," Nduta alimwambia Nasike mferejini. "Na hakusema. Namjua mama yangu."

Nasike alikuwa ameitamani sana siku hii. Mbona basi haikuwa tamu? Aliiacha ndoo yake pale pale, akamkimbilia mama yake, akamweleza yote huku akilia kwa kwikwi.

Mama Nasike hakumpiga. Alijifunga leso, akamshika mkono. "Utayasema hayo mbele ya Baba Nduta," alisema. "Kisha utayasema mbele ya nyanya."

Baba Nduta aliambiwa jioni ile ile, na Jumamosi iliyofuata Nasike, mama yake na akina Nduta wote walikuwa Murang'a. Nasike alisimama mbele ya nyanya.

"Cucu, Mama Nduta hakusema. Niliyatunga mimi. Niliona wivu."

Nyanya akamgeukia Mama Nduta. "Nisamehe, mwanangu. Niliamini upesi." Kisha akamtazama mwanawe. "Na huo mji wa mawe, wenyewe walikwenda wapi?"

"Hakuna ajuaye kwa hakika, mama," Baba Nduta alijibu.

"Watu waache nyumba za mawe, waende zao? Hilo lazima nilione kwa macho yangu. Tukimaliza kuvuna, nami nakwenda."

Baba Nduta alicheka, akamtazama mkewe, naye mkewe akacheka pia.

Nasike hakualikwa. Jioni ya safari yeye na mama yake waliwasindikiza hadi stesheni. Nduta alimpungia mkono dirishani, nyanya ameketi kando yake na kilemba kipya. Gari lilipoondoka, Nasike akajifuta macho.

"Roho bado inauma?" mama yake aliuliza.

"Kidogo."

"Kuumwa roho si kosa, mwanangu. Hata mimi huumwa nikiona wengine wana nisichokuwa nacho. Kosa ni kumharibia mwenzako. Hebu niambie, safari yao ilipofutwa, wewe ulifika Gede?"

"Sikufika, mama."

"Basi uongo wako ulikupa nini?"

Nasike alimshika mama yake mkono, wakaanza kurudi Makongeni.