Mapovu ya Mchele

Kila Jumamosi asubuhi nilifagia ua, nikampelekea baba chai dukani kwake, ambako anauza mchele kwa vikombe na kwa magunia, kisha nikaenda shuleni kwenye kikundi cha mwalimu wetu, Madamu Emilienne. Nilichelewa kwa makusudi. Niliamini kwamba wanaowahi ni wale wasioweza lolote la maana, na mimi Asma, mwanafunzi wa darasa la nane hapa Kasongo, niliweza kila kitu.

Kikundi kilikuwa cha picha zinazotembea. Unakata mtu wa katoni, unamlaza juu ya ubao, unampiga picha kwa simu, unamsogeza mguu kidogo, unampiga tena. Picha nane zikipita ndani ya sekunde moja, mtu wa katoni anatembea. Simu tuliifunga kwa mpira wa baiskeli kwenye kiti kilichogeuzwa miguu juu, ili isitikisike. Kazi yenyewe inataka subira, na subira niliiona kuwa dawa ya watu wasio na kipaji.

Tulikuwa kumi na mmoja, na kwa maoni yangu kumi walikuwa wakiharibu katoni bure. Yassine alitengeneza mbuzi aliyefanana na meza. Esther-Divine alicheka mpaka mkono wake ukaingia katika kila picha. Lakini niliyemdharau kuliko wote ni Odile. Alitoka kijijini Wamaza, akiishi kwa shangazi yake nyuma ya soko. Aliongea polepole, akitafuta neno la Kiswahili huku Kibangubangu, lugha ya kwao, kikimtangulia mdomoni. Watu wake aliwachora kwa mkaa, vichwa vikubwa, mikono kama vijiti, na kila alichochora alikifuta mara nne. Nilipomtazama nilijiuliza nani alimdanganya kwamba anajua kuchora.

Siku moja Madamu alituambia mambo mawili. Kwanza, filamu moja itapelekwa Wamaza na Infirmie Alimasi, muuguzi anayezunguka vijiji kwa pikipiki, ili akina mama waione. Msimu ule wa mvua ugonjwa wa kuhara ulikuwa umewalaza watoto wengi kule, na filamu ilitakiwa iwafundishe juu ya maji safi. Pili, atakayeitengeneza filamu hiyo atakwenda mjini Kindu wakati wa likizo, majuma mawili, kujifunza kazi hii kwa watu wenye kompyuta. Niliposikia Kindu sikusikia tena kitu kingine. Jioni ile ile niliwatangazia wasichana wote kwenye bomba la maji kwamba nakwenda.

Kulikuwa na sharti. Kabla ya kupiga hata picha moja, kila mmoja alitakiwa kutengeneza karatasi ya visanduku. Unagawa karatasi katika visanduku kumi na viwili, na ndani ya kila kimoja unachora jambo moja la hadithi yako, toka mwanzo mpaka mwisho, bila maneno. Kisha unaipeleka kwa watu watatu wasiojua kusoma, wakuambie wanaona nini. Nyuma ya karatasi unaandika majina yao na yale waliyosema.

"Juu ya nini wasiojua kusoma, Madamu?" niliuliza. "Wale watajua nini ya sinema?"

"Juu hii sinema iko yao," alijibu. "Haiko yako."

Wenzangu walicheka. Mimi nikamdharau na yeye.

Nilianza kupiga picha siku iliyofuata, bila visanduku. Hadithi nilikuwa nayo kichwani: mama anateka maji mtoni, mtoto anayanywa, mtoto anaumwa tumbo, mama anayachemsha maji, mtoto anapona. Nani atashindwa kuielewa hiyo? Nilikata watu wazuri kutoka katoni za biskuti, nikawavalisha vitenge vya vipande halisi. Sufuria niliikata kana kwamba imepasuliwa ubavuni, ili ndani yake paonekane. Hapo nikapata wazo nililoliona la ajabu. Nilichota mchele dukani kwa baba, nikautia ndani ya sufuria ya katoni, nikawa nazisogeza punje moja moja, picha baada ya picha. Punje ziliruka, zikazunguka, zikapanda juu. Hayo ndiyo yalikuwa mapovu ya maji yanayochemka. Nilifanya kazi siku nne na nikajipenda kila siku zaidi.

Katika siku hizo Odile alikuja nyumbani kwetu na karatasi yake. Hakunitaka mimi. Alimtaka nyanya yangu, Nyanya Binti, mama wa baba, ambaye hakusoma hata siku moja maishani mwake. Walikaa uani, nyanya akichambua sombe, majani ya muhogo, Odile akimshikia karatasi mbele ya macho. Nyanya aligusagusa visanduku kwa kidole chenye majimaji ya majani.

"Huyu anafanya nini hapa? Anapiga mutoto?"

"Hapana, Nyanya. Anamunawisha mikono."

"Basi chora maji. Mimi sioni maji, naona kofi."

Odile alifuta, akachora upya. Kesho yake alirudi tena. Nilipita mbele yao na simu ya baba mkononi, nikacheka puani. Kwenda kuomba msaada wa kuchora kwa mwanamke anayeishika kalamu kama mwiko! Niliona aibu kwa niaba yake.

Karatasi yangu niliitengeneza Ijumaa, filamu ikiwa imekwisha. Nilichora visanduku haraka haraka kwa kutazama picha zangu mwenyewe. Nyuma niliandika majina matatu: mama muuza ndizi, mzee mshona viatu, na Nyanya Binti. Kwa jina la nyanya niliandika, "Nimeelewa yote, ni nzuri sana." Nyanya mwenyewe alikuwa hatua saba kutoka pale nilipokaa. Ningeweza kuinuka nikamwonyesha. Sikuinuka. Niliona kumwuliza ni kujishusha.

Jumanne ilikuwa siku ya kupima watoto kwenye kituo cha afya cha mtaani kwetu. Madamu alitupeleka huko ili filamu zetu zijaribiwe mbele ya akina mama waliokuwa wakingoja mzani. Wengi walitoka vijiji vya njia ya Kabambare. Madamu aliiweka simu ndani ya katoni kubwa iliyokatwa dirisha, jua lisizifute picha, na akina mama wakawa wanachungulia watano watano. Infirmie Alimasi alisimama kando, kofia ya pikipiki kwapani.

Ndipo nikamwona nyanya anaingia, amembeba mdogo wangu Faradji mgongoni. Siku zote ni mama anayempeleka, lakini mama alikuwa amekwenda Nyangwe kununua samaki. Nilijisogeza nyuma ya Yassine. Kisha nikajiambia kwamba nyanya hajui kusoma, na karatasi iko mikononi mwa Madamu.

Filamu ya Odile ilitangulia. Watu wake wa mkaa walitetemeka na vichwa vyao vikubwa, nami nikaguna ili nisikike. Lakini wale mama watano hawakuguna. Walisimulia kila kitu kama wanasimulia mambo ya jirani yao: huyu ametoka chooni, amemwaga maji mikononi, ameshika sabuni, sasa ndipo anamlisha mtoto. Maji yalionekana vizuri kabisa. Hakuna aliyeona kofi.

Ikafika zamu yangu. Nilisogea karibu ili nisikie sifa.

"Eee, hii iko muzuri, angalia vitenge!" alisema mama mmoja mnene, na moyo wangu ukavimba. Kisha akasema, "Anapika muchele."

"Hakuuosha," alisema mwingine.

"Na ule muchele unaruka nini? Iko na wadudu?"

Wakacheka. Katika filamu mama wa katoni aliipua sufuria. Punje nilikuwa nimeziondoa, kwa kuwa maji yakitulia mapovu yanakwisha. Kisha mama huyo akamimina maji kwenye kikombe.

"Ayi! Amepika muchele, ametupa muchele, amebakisha maji! Huyu mwanamuke iko na akili?"

"Kumbe ni dawa," alisema yule mnene, sasa bila kucheka. "Angalia, mutoto amekunywa, amepona. Mutoto akiharisha, unamupa maji ya muchele. Nimeelewa."

"Na maji ya muto?" aliuliza Madamu taratibu. "Iko na kosa gani?"

"Maji ya muto? Hakuna kosa. Wanasema muchele tu."

Nilitamani kuwapigia kelele. Niliwaona wajinga, wote watano, na watoto wao migongoni. Maji yanachemka mbele ya macho yao, nao wanaona chakula! Nilimgeukia Madamu, nikasema kwa sauti, "Hawa ndio hawaelewi. Watu watatu walishaielewa. Nimeandika."

Madamu aligeuza karatasi yangu. Akasoma kimya, kisha akainua macho akatafuta kati ya akina mama.

"Mama Binti, jina yako iko hapa. Wewe ulishaona visanduku vya hii sinema. Utusaidie kuwaelezea wenzako, basi."

"Visanduku gani, Madamu?" alisema nyanya. "Mimi nilionyeshwa karatasi ya huyu mutoto wa Wamaza. Mara mbili. Ya mujukuu wangu sijaionaka."

"Imeandikwa ulisema, 'Nimeelewa yote, ni nzuri sana.'"

"Mimi?" Nyanya alinitazama. "Nilisema siku gani, Asma?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayedhani amesahau, na anayeogopa kwamba uzee umeanza kumchukulia kumbukumbu. Hapo ndipo nilipoona haya hasa. Ningeweza kumwachia adhani hivyo. Kwa dakika nzima nilitaka kumwachia.

"Hukusema, Nyanya," nilijibu. "Niliandika mimi. Sikukuonyesha."

Hakuna aliyecheka, hata Esther-Divine. Nyanya alimpandisha Faradji mgongoni, akaufuata mstari wa mzani.

Madamu hakunifokea mbele ya watu. Alinikalisha nje, kwenye benchi.

"Asma, mikono yako ni mizuri kupita ya wote," alisema. "Lakini fikiri kidogo. Kama wale mama wasingekuwa hapa leo, Alimasi angebeba ile sinema mpaka Wamaza. Mama mwenye mutoto mugonjwa angemupa maji ya muchele, kisha angemunywesha tena maji ya muto, na angeona amefanya sawa, juu wewe ndiye ulimufundisha. Uongo wako ni mistari mitatu tu. Unaona ungefika wapi?"

Nililia. Niliuliza kama Kindu imekwisha kwangu.

"Ndiyo, imekwisha. Ataenda Odile. Lakini maji ya Wamaza hayajakwisha. Upimaji mwingine ni baada ya majuma mawili. Ukitaka kutengeneza upya, tengeneza."

Siku mbili nilizunguka na hasira, nikiwadharau Madamu, Odile, mzani na mchele wenyewe. Siku ya tatu sikubaki na mtu wa kumdharau ila mimi, na hiyo haikuwa raha hata kidogo. Nilichukua karatasi mpya, nikaenda uani, nikachuchumaa mbele ya nyanya.

"Nisamehe, Nyanya. Nilikutia maneno mudomoni."

"Tena maneno ya kusifu," alisema. "Mimi nasifukaka watu vile?"

"Hapana."

"Basi lete."

Nilimuuliza swali ambalo nilipaswa kumuuliza tangu mwanzo: yeye akiwa mbali na moto, anajuaje maji yamechemka?

Alinishangaa. "Kwa kifuniko. Maji yakichemka, kifuniko kinacheza."

Lilikuwa jambo la kila siku, na mimi nilikuwa nimekisikia kifuniko kikigonga jikoni kwetu maisha yangu yote. Nilikata kifuniko cha katoni, nikakiinua kiasi cha ukucha mmoja, nikakishusha, nikakiinua upande wa pili. Nilipiga picha sitini za kifuniko peke yake. Safari hii sikuanza kabla ya visanduku kumi na viwili kupita mikononi mwa nyanya, mama muuza ndizi na mzee mshona viatu. Visanduku vitano nilivifuta. Kimoja nilikifuta mara nne, na Odile, aliyekuja kunishikia kiti, aliniona akanyamaza. Mimi nisingenyamaza kama ningekuwa yeye.

Siku ya kupima, yule mama mnene alikuwepo tena. Alichungulia, na kifuniko kilipoanza kurukaruka alisema kabla ya wote, "Maji yamechemka! Kumbe alikuwa anachemusha maji ya muto! Na ule muchele wa siku ile?"

"Niliutoa, mama," nilisema. "Asante kwa kuniambia."

Infirmie Alimasi aliondoka na filamu mbili badala ya moja, ya Odile na yangu. Mwezi uliofuata Odile alipanda pikipiki kwenda Kindu, daftari lake lililojaa alama za kufutafuta kifuani. Nilimwonea wivu, sitadanganya. Nimedanganya vya kutosha.

Kabla Odile hajaondoka, siku ya mwisho kabla ya likizo, Madamu alituita wote, akazikusanya karatasi za visanduku. Ya kwangu aliishika muda mrefu.

"Mukumbuke hii," alisema akiwa bado anaitazama. "Mutu unayemufanyia kazi, ukimuzarau, kazi yake utaiharibu, hata mikono yako iwe mizuri namna gani. Na ukimudanganya, ndiyo umemuzarau mara mbili."

Kisha aliigeuza karatasi yangu ili wote waone upande wa nyuma. Mbele ya jina la Nyanya Binti palikuwa na alama nyeusi ya kidole gumba, kilichopakwa masizi ya sufuria, kwa kuwa nilikuwa nimemwomba anitilie. Pembeni yake nilikuwa nimeandika maneno yake, yote, bila kupunguza: "Kifuniko kinacheza vizuri. Lakini moto wako iko mubaya, na mama wako wa katoni iko na majivuno."